Wa mwisho kuanza, wa kwanza kufika? Mbio za kutanguliana na jinsi zinavyopangwa

Siku ya michezo shuleni kwenu huwa inakwendaje? Mwalimu anapuliza filimbi, wote mnatoka mbio kwa kishindo. Baada ya mzunguko mmoja wale wanne watano mnaowajua wako mbele, wengine mnaanza kutazamana. Mzunguko wa pili watu wanashika kiuno. Wa tatu, nusu ya darasa imekaa chini ya mgunga na kila mmoja anasema, "Mimi nilikuwa nakimbia kwa kujifurahisha tu." Jioni wanatajwa watatu wa kwenda kujaribiwa kwa ajili ya UMISSETA, wanapigiwa makofi. Waliobaki wanarudi bwenini wakiwa wamejifunza jambo moja tu: kukimbia si kwa watu kama mimi.

Sisi tunaofundisha afya hapo ndipo tunapoumia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema mtu wa miaka 5 hadi 17 anahitaji kuushughulisha mwili kwa wastani wa angalau dakika 60 kila siku. Haukusema mwenye mbio tu. Kama unakaa Suji au Mbaga na unapanda na kushuka mlima kwenda shule, pengine dakika zako unazimaliza kabla ya kengele ya kwanza. Lakini uliyeko bwenini hapa Same mjini, kutoka kitandani hadi darasani ni hatua mia, na kutoka darasani hadi kwenye makande ni hatua mia nyingine. Wewe dakika hizo utazipata wapi, kama uwanja ni wa wale watatu?

Ipo njia ambayo vilabu vya mbio vya Uingereza, Australia na New Zealand vimeitumia kwa miaka mingi, tena haihitaji pesa. Wacheza gofu wa Moshi wanaifahamu kwa jina la handikapu. Hapa tuziite mbio za kutanguliana. Siri yake ni moja: wanaokwenda polepole wanaanza kwanza, wenye kasi wanaanza mwisho, na kila mmoja anaachiwa muda unaomfaa, ili wote wakikimbia kama kawaida yao wafike kwenye mstari karibu kwa pamoja. Atakayeshinda ni yule aliyekimbia vizuri kuliko alivyozoea.

Hebu tuone hesabu yake

Kwanza kabisa mnahitaji njia moja, ileile kila mara. Mkibadilisha njia, muda wa mwezi uliopita hauna maana tena. Kilomita 3 zinatosha kwa wanafunzi. Watu wengi watakimbilia kutumia uwanja wa shule, lakini mimi nawashauri msifanye hivyo. Watu wakianza kwa nyakati tofauti halafu wazunguke mara saba na nusu, hakuna atakayejua nani yuko mzunguko wa ngapi, na ugomvi utaanza hapohapo. Tafuteni njia ya kwenda na kurudi: kilomita moja na nusu kwenda, unazunguka mtu aliyesimama pale, unarudi. Hapo mtapishana njiani, mtaonana, mtaitana majina. Raha yake ni kubwa.

Isiwe barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Arusha, tafadhali. Mabasi na malori yale hayamjui mwanafunzi anayejipima. Wala msielekee upande wa lango la Zange la Hifadhi ya Mkomazi mapema asubuhi. Tembo hawasomi mpaka wa hifadhi. Njia ya vumbi ya kijijini, yenye magari machache, ndiyo nzuri.

Kuipima ni rahisi. Chukua baiskeli, funga kitambaa chekundu kwenye tairi, pima mzunguko mmoja wa gurudumu kwa futi ya fundi cherehani, kisha isukume baiskeli ukihesabu kitambaa kinapogusa chini. Kama gurudumu linakwenda mita 2.2 kwa mzunguko, basi kilomita moja na nusu ni mizunguko 682. Mpe kazi hiyo mtu mwenye subira, na mwingine aandike alama kila baada ya mizunguko mia, maana akisalimiwa njiani tu hesabu imepotea.

Siku ya kwanza wote mnaanza pamoja, na hakuna pointi. Ni siku ya kujipima. Kila mtu anakimbia kadiri ya uwezo wake na muda wake unaandikwa. Tuchukue wanne, tuwape majina ya mbugani ili asiseme mtu nimemsema. Swala alimaliza kwa dakika 10 na sekunde 30, yaani 10:30. Pundamilia 13:00. Kanga 16:15. Kobe, aliyetembea sehemu za mlimani, 21:00.

Sasa toa muda wa kila mmoja kwenye muda wa yule wa mwisho. Kobe ataanza saa ya mbio ikiwa 0:00. Kanga, 21:00 toa 16:15, ataanza ikifika 4:45. Pundamilia ataanza 8:00. Na Swala maskini atasimama pale akirukaruka hadi 10:30, wakati Kobe ameshafika nusu ya safari. Kila mmoja akirudia muda wake wa kwanza bila kuongeza wala kupunguza, wote wanne watavuka mstari saa ikisoma 21:00.

Lakini binadamu si mashine, na utamu wote uko hapo. Tuseme siku ya mbio yenyewe Kanga amefanya mazoezi wiki tatu na anatumia 15:40. Alianza 4:45, kwa hiyo anafika saa ikisoma 20:25. Kobe safari hii hakutembea sana, ametumia 20:30, na kwa kuwa alianza sifuri anafika 20:30. Pundamilia ametumia 12:50, anafika 20:50. Swala alilala vibaya, ametumia 10:40, anafika 21:10. Mshindi ni Kanga, Kobe wa pili kwa sekunde tano tu, na Swala ni wa mwisho ingawa ndiye mwenye kasi kuliko wote. Mita mia za mwisho za mbio hizi zinatazamika kuliko fainali nyingi, kwa sababu wote wanne wako pale pamoja na hakuna anayejua itakuwaje.

Baada ya hapo muda unapangwa upya. Aliyeboresha anahesabiwa muda wake mpya wote: Kanga sasa ni mtu wa 15:40, Kobe 20:30, Pundamilia 12:50. Aliyepunguza kasi harudishiwi yote, la sivyo watu wangevuta miguu makusudi. Vilabu vingine humrudishia nusu. Swala alipoteza sekunde 10, anarudishiwa 5, kwa hiyo anahesabiwa 10:35. Mwezi ujao Kobe ataanza 0:00, Kanga 4:50, Pundamilia 7:40 na Swala 9:55. Kachukue karatasi ufanye mwenyewe utaona. Hii ni hesabu ya kutoa tu, na hata yule anayelalamika kwamba hesabu haina kazi maishani anaweza kuwa mpanga muda wa klabu.

Kinyongo cha Swala

Najua wapo mnaosoma hapa mkisema: huu si uonevu? Mtu anafanya mazoezi kila siku, anaamka alfajiri, halafu anashindwa na mtu aliyekuwa anatembea?

Swala ana hoja, tusimcheke. Mtu anayeanza kukimbia anaweza kupunguza dakika mbili kwa mwezi mmoja bila taabu kubwa, kwa sababu moyo na misuli yake ilikuwa haijafanya kazi. Aliyekwishakomaa anatafuta sekunde tatu kwa miezi mitatu. Mkiacha hivihivi, kila mwezi mshindi atakuwa ni mgeni, na wenye kasi watachoka waondoke. Vilabu vilivyodumu vinajua jambo hili. Kwa hiyo huandika orodha mbili ubaoni: moja ya waliovuka mstari, nyingine ya muda halisi wa kila mtu. Kwenye orodha ya pili Swala bado ni wa kwanza kwa 10:40, na ndiyo orodha mwalimu wa michezo atakayoitazama akichagua timu. Halafu huweka kanuni kwamba mgeni hapati pointi mpaka awe ameshakimbia mara mbili, ili ule unafuu wa kwanza umalizike kabla hajaanza kuwapita watu.

Na mtu wa nyuma kabisa hushinda pia. Kule Stawell, Australia, tangu mwaka 1878 kunafanyika mbio za mita 120 kwenye majani, ambazo wakimbiaji hutanguliana kwa mita badala ya dakika. Mwaka 1975 mshindi alikuwa Jean-Louis Ravelomanantsoa wa Madagascar, yule aliyefika fainali ya mita 100 kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Hakuachiwa hata mita moja. Alianzia nyuma kabisa, akawafuata wote, akawapita.

Aliyejificha

Sasa tuseme ukweli kuhusu udanganyifu, maana wajanja mmeshaanza kupiga hesabu. "Siku ya kujipima nitajikokota, nipewe dakika nyingi, halafu siku ya mbio..." Si jambo geni. Uskochi, kwenye mbio za Powderhall zilizoanza mwaka 1870, watu waliwekeana dau, na wakimbiaji walijificha kasi yao miezi na miezi ili watangulizwe mbali. Palipo na pesa, mtu atajifanya kilema.

Shuleni dawa yake ni nyepesi. Msiweke zawadi ya pesa wala ya simu. Daftari na kalamu zinatosha, au jina kusomwa mstarini. Mpanga muda awe na ruhusa ya kusema, "Wewe juzi kwenye mchakamchaka nilikuona, hii 19:00 si yako," akamkata dakika mbili. Vilabu vingine vina kanuni kwamba ukiboresha kupita kiasi fulani siku moja, kwa mfano dakika moja na nusu, muda wako mpya unaandikwa lakini pointi hupati. Mpanga muda asiwe mkimbiaji wa siku hiyo, wala asiwe rafiki wa chumba kimoja na Kanga.

Kobe anajisikiaje?

Hili ndilo lililonifanya niandike makala hii. Kuanza peke yako, wa kwanza, huku watu thelathini wamesimama nyuma yako wanakutazama mgongo, si jambo dogo. Wapo wasichana wanaoacha michezo kidato cha pili kwa sababu ya macho ya watu tu. Wapo wavulana wanene wanaoomba kila Jumatano karatasi ya ruhusa kwa kichwa kisichouma. Mbio za kutanguliana zinaweza kuwaokoa hawa, na zikiendeshwa kijinga zinaweza kuwaaibisha kuliko mwanzo.

Kwa hiyo msimwite mtu kwa kasi yake. Mwenye orodha aite namba na muda: "Namba 14, nne arobaini na tano, nenda!" Basi. Ikiwezekana mpangeni ili walioko polepole waanze wawili watatu pamoja. Kuzungushia muda kwenye nusu dakika iliyo karibu hakumuumizi mtu. Na atakayecheka mtu anapoondoka, siku hiyo asikimbie, akakae kwenye kigeuzio cha kilomita moja na nusu kuhesabu watu. Kutoka pale atawaona wote kwa nyuso zao wanavyojitahidi, na sidhani kama atacheka tena.

Wewe Kobe nawe, muda ule uliopewa haukutolewa kwa huruma. Ni namba iliyotoka kwenye saa, kama ile ya Swala. Ukipunguza sekunde 30, umezipunguza wewe.

Kuandika matokeo bila kugombana

Mnahitaji watu wanne. Mmoja mwanzoni na orodha. Watatu mwishoni: wa kwanza anasoma saa kwa sauti kila mtu anapovuka, wa pili anaandika muda mfululizo bila kujali ni wa nani, wa tatu anampa kila anayevuka kikaratasi chenye namba ya nafasi yake, 1, 2, 3 na kuendelea. Baadaye mnalinganisha. Kikaratasi namba 7 kinakwenda na muda wa saba kwenye orodha. Halafu mnatoa muda ambao saa ilisoma alipoanza, mnapata muda wake halisi.

Kwa nini nafasi na muda viandikwe mbalimbali? Kwa sababu wakimbiaji wanafika kwa makundi, na saa peke yake haitoshi. Kumbuka Tokyo, Septemba 2025: Alphonce Simbu alipoipa Tanzania dhahabu ya marathoni ya dunia, yeye na Mjerumani Amanal Petros wote waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Picha ya mstarini ndiyo iliyotenganisha dhahabu na fedha. Nyinyi hamna kamera hiyo, mna vikaratasi. Simu ya mwalimu itatosha kuwa saa. Ya mwanafunzi mnajua wenyewe itaishia wapi.

Mtu akiugua je?

Msimu mzuri ni mbio sita, moja kila mwezi au kila wiki tatu. Kama ni wakimbiaji 30, wa kwanza anapata pointi 30, wa pili 29, hadi wa mwisho anayepata 1. Kisha, na naomba msiiruke kanuni hii, kila mtu anahesabiwa mbio zake nne bora tu. Mbili zinatupwa.

Hii ni kanuni ya afya kuliko ya michezo. Mkihesabu zote sita, mwenye malaria atameza dawa asubuhi na kuja kukimbia jioni ili asipoteze pointi. Msichana mwenye maumivu makali ya hedhi atajilazimisha. (Hedhi yenyewe haikatazi kukimbia, na wengi wanasema wakikimbia maumivu hupungua, lakini uamuzi ni wake, si wa jedwali.) Aliyerudishwa nyumbani kufuata ada atakuta amefutwa. Mbio mbili za kutupa zinampa kila mtu nafasi ya kuumwa kama binadamu. Mwenye homa asikimbie, kwa vyovyote vile.

Mwenye pumu anaruhusiwa kukimbia, lakini apashe mwili joto taratibu kwa dakika kumi na dawa yake ya kuvuta iwe kwa mtu aliye mstarini, isiwe ndani ya sanduku bwenini. Mwenye selimundu azungumze na daktari kwanza. Wengi wanaweza kufanya mazoezi mepesi kwa kunywa maji na kupumzika, ila kukimbia mpaka mwisho wa pumzi kunaweza kumletea maumivu makali. Mwambieni mapema kwamba kushika saa ni kazi ya heshima.

Na jua la Same si la mchezo. Mtu aliyeshuka wiki hii kutoka chini ya Shengena, kwenye ukungu na baridi, mwili wake haujazoea joto la tambarare. Mpeni wiki mbili za mbio nyepesi kabla ya kumpima. Anzeni saa 12:30 asubuhi, au saa 11 jioni. Maji yawepo mwanzoni na mwishoni, na mtu anywe anaposikia kiu. Mkimwona mtu anayumba, anatapika, anajibu mambo yasiyoeleweka, mbio zimekwisha kwake: kivulini, maji mwilini, upepo, na hospitali kama akili hairudi haraka. John Stephen Akhwari aliumia goti Mexico mwaka 1968 na akamaliza marathoni akiwa amefungwa bandeji, na tunamheshimu mpaka leo. Lakini yeye alikuwa Olimpiki, nchi imemtuma. Wewe ni Jumamosi, na kuna mbio mbili za kutupa.

Viatu? Wengi mtakimbia peku, na kwenye vumbi safi si vibaya. Shida ni miiba ya migunga. Fagieni njia siku moja kabla, na anayechomwa na mwiba au msumari aende zahanati aulizie chanjo ya pepopunda.

Msipunguze kula ili mpunguze muda. Nimeshasikia wasichana wakisema wakiacha chakula cha mchana watakuwa wepesi. Asiyekula anaishiwa damu, na asiye na damu ya kutosha anachoka mlimani kabla ya Kobe. Makande yale ya maharage na mahindi ni chakula cha mkimbiaji hasa. Kuleni saa tatu kabla.

Mvua za masika zikianza, njia ya vumbi inakuwa tope na muda wa kila mtu unaharibika. Simamisheni msimu hapo. Zikiisha, anzeni tena na siku ya kujipima, wote pamoja, bila pointi, maana likizo imewafanya Swala wengine kuwa Pundamilia. Daftari la muda likae kwa mwalimu, lisikae bwenini, na majina yaandikwe kwa kalamu ya wino.